Ukungu Ulikuwa wa Ndani

Siku moja naikumbuka kuliko siku zangu nyingine zote, mwanangu, na sikupata kukusimulia mpaka hivi leo. Juzi uliponipakia katika gari lako kwenda mazikoni Rugera ndipo iliponirudia nzima nzima.

Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, na hewa ilikuwa nzito kama blanketi lililoloa. Kwa kunihurumia ukawasha ile mashine ya hewa baridi. Tulipoanza kupanda mlima, kioo cha mbele kikawa cheupe kama kimemwagiwa maziwa. Ukachukua kitambaa ukafuta, ukafuta tena, kisha ukasema, "Baba mkubwa, kioo hiki kina nini leo?" Ulipoegesha, nilishuka polepole na fimbo yangu, nikapitisha kidole juu ya kioo kwa nje. Kidole kikaacha mstari. Ukungu ulikuwa nje. Baridi ya mashine yako ilikuwa imekipoza kioo, na unyevu wa hewa ukakigandia kule kule nje. Wewe ulikuwa unafuta ndani.

Ulicheka. Mimi sikucheka, ukaniuliza kama naumwa, nikakujibu kwamba ni miguu. Haikuwa miguu, mwanangu. Nisamehe uongo ule mdogo, maana nitakueleza sasa uongo wangu mkubwa.

Wewe umenikuta mzee wa kibanja, mtu wa migomba na kahawa. Hukujua kwamba miaka michache kabla ya Uhuru nilikuwa dereva wa lori. Lilikuwa la mfanyabiashara mmoja aliyetoka Bukoba, nasi tulikuwa tukizunguka vijijini kukusanya kahawa, Isingiro, Bugomora, mpaka huko milimani ambako barabara ilikuwa njia ya ng'ombe iliyopanuliwa kwa majembe. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne. Kwa kujua kusoma vibao na kuzungusha usukani nilijiona nimefika.

Aliyenifundisha kuendesha ni mzee mmoja tuliyemwita Ta Byabato, yaani Baba Byabato. Alikuwa mfupi, hana meno ya mbele, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Lori lile, mwanangu, halikuwa na mashine ya hewa ya baridi wala ya moto. Lakini kioo chake cha mbele kilikuwa na bawaba upande wa juu. Ukikisukuma kwa chini kilifunguka kuelekea nje, upepo ukaingia, na mvua nayo ikaingia.

Mara ya kwanza kioo kilipofanya ukungu nikiwa kwenye usukani, nilikifuta kwa mkono wa shati nikaendelea. Ta Byabato aliushika mkono wangu.

"Kioo hakiumwi," akasema. "Sisi ndio tunakipumulia. Ukikifuta, utaendelea kupumua au utaacha?"

"Nitaendelea, waitu," nikajibu, kwa lile neno letu la heshima.

"Basi kitaendelea na chenyewe. Kifungue."

"Mvua itatulowesha."

"Itatulowesha, kwani sisi ni chumvi? Dereva mkavu ni dereva kipofu. Kifungue."

Nikakifungua. Tulifika tumelowa mpaka kwenye mifupa, lakini tulifika, na njia yote niliiona. Yeye alistaafu mwaka ule ule akarudi kwao. Neno lake aliniachia mimi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ningevunjika guu mimi, ningeshukuru.

Nilikuwa na rafiki jina lake Kaijage, mtoto wa Ta Rwegasira wa Bugomora. Nasema rafiki kwa kuwa sina neno zuri zaidi la Kiswahili. Kwetu tulisema munywani. Tulikuwa tumekula yamini ya damu kama wazee wa zamani, ingawa katekista wetu hakupenda mambo hayo. Unajua tunda la kahawa lina punje mbili zilizolaliana tumbo kwa tumbo. Kila mmoja anachanjwa kidogo karibu na kitovu, punje moja inapakwa damu yako, nyingine damu ya mwenzako, kisha unameza yake naye anameza yako. Tangu hapo hamfichani neno, na hakuna anayemsingizia mwenzake, wala mbele ya watu wala mgongoni. Ndicho kiapo chenyewe. Nilikimeza kile kiapo na maji ya mtungini, nikacheka kwa sababu punje ilinikwama.

Dada yake Kaijage, Leokadia, akaposwa Isingiro. Tajiri wangu akakubali lori litumike kumpeleka baada ya ndoa ya kanisani, nami nikawa dereva wa bibi harusi. Asubuhi ile nilifika kwa Ta Rwegasira nimevaa shati lililochanika kwapani. Kaijage aliniona, akavua koti lake. Lilikuwa koti la sufu, rangi ya majivu, la kwanza kuvaliwa na kijana pale kijijini.

"Vaa," akasema. "Dereva wa dada yangu hawezi kupitisha kwapa lake mbele ya wakwe."

"Na wewe?"

"Mimi nina kanzu. Nitakaa nyuma na waimbaji." Akanirekebisha kola, akarudi nyuma hatua moja kunitazama. "Angalia usiendeshe hivyo umenyooka. Watadhani bwana harusi ni wewe, watakudai mbuzi."

Kabla hatujaondoka, Ta Rwegasira alileta kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Aliikamua mwenyewe kutoka ndizi za kibanja chake. Akampa mwanawe anywe kwanza, kwa mkono wake mwenyewe, kama baraka ya safari. Kaijage alikunywa mikupuo mitatu au minne, akarudisha kibuyu kwa mikono miwili. Kumbuka hayo, mwanangu. Ni mikupuo mitatu au minne.

Bibi harusi alikaa mbele pamoja nami, katikati, amefunikwa shuka jeupe kutoka kichwani mpaka magotini, analia kama bibi harusi wa wakati ule alivyopaswa kulia. Pembeni yake alikaa shangazi yake, Ma Kokugonza, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Wengine walikuwa nyuma chini ya turubai, wanaimba. Tulikuwa hatujatoka kijijini mvua ikaanza.

"Wewe dereva, funga dirisha," Ma Kokugonza akasema. "Bibi harusi haonwi njiani."

Nikafunga. Akafunga na la kwake. Hatukuenda mbali, kioo kikaanza. Watu watatu, nguo mbichi, machozi, joto la injini linalopanda kupitia sakafuni. Nikafuta kwa kiganja. Kikarudi.

"Shangazi," nikasema, "kioo kinalia."

"Na kilie. Bibi harusi naye analia, na haumwi."

Hata Leokadia chini ya shuka alicheka kidogo katikati ya kilio chake. Nami nikacheka. Nikasema, "Labda nikisukume kidogo, upepo uingie."

"Mvua imlowanishie shuka? Afike kwa wakwe kama kuku aliyeanguka mtoni? Na akipata jicho baya njiani, wewe ndiye utakayemzalia?"

Hapo, mwanangu, ndipo palipokuwa na neno la kusema. Lilikuwa neno fupi: Shangazi, sioni. Maneno mawili tu. Yule mama alikuwa mkali lakini hakuwa mjinga, angenisikia. Sikuyasema. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba niliona haya kubishana na mtu mzima. Ni kweli kidogo. Lakini kweli kubwa zaidi ni kwamba nilitazama kifuani kwangu nikaliona lile koti. Lilikuwa kavu. Lilikuwa linanukia sabuni. Nilitaka kushuka Isingiro nalo likiwa kavu, wasichana wanione. Basi nikafuta tundu dogo kama sahani ya chai, nikainama nikachungulia humo, nikasema moyoni, njia hii naijua hata nikifumba macho.

Katikati ya njia palikuwa na bonde lenye mafunjo, na juu ya kijito chake daraja la magogo. Mvua ikinyesha sana, kijito kilikuwa na tabia ya kusogeza gogo moja moja. Ilikuwa desturi yetu mtu ashuke, atangulie kwa miguu, akague magogo, ndipo amwite dereva. Nilisimamisha lori. Kaijage akaruka kutoka nyuma bila kuambiwa, akapita upande wangu, akagonga mlango mara mbili kwa kiganja kama alivyozoea, akatangulia darajani.

Nikafuta tundu langu. Nikaona weupe wa kanzu yake ukienda, ukisimama, ukigeuka. Kisha ukungu ukarudi, nami sikufuta tena. Niliona weupe, na ndani ya weupe ule mkono unaopanda na kushuka.

Unajua sisi hatumwiti mtu kwa kidole kilichoelekezwa juu. Hiyo ni dharau. Tunainamisha kiganja kitazame chini, tunavuta vidole kwetu. Na tukimwambia mtu asimame, tulia, usije, tunainamisha kiganja kile kile, tunakisukuma chini. Mkono ni mmoja. Tofauti iko kwenye vidole. Ukiwa na kioo safi, mtoto wa miaka mitatu hawezi kukosea. Mimi sikuviona vidole. Niliona mkono, nikachagua maana iliyonifaa, nikaachia lori.

Gogo la kushoto lilikuwa limetoka mahali pake. Gurudumu la mbele lilizama, lori likainama na kusukumika mbele kwa uzito wake wote. Kaijage alikuwa amesimama katikati ya daraja, hana pa kukimbilia. Nilisikia sauti moja tu, kama gunia la kahawa linapotupwa sakafuni. Nyimbo zikanyamaza.

Tulipomtoa chini ya bampa alikuwa bado na pumzi, lakini hakusema neno. Alikata roho kichwa chake kikiwa mapajani mwa Ma Kokugonza, palepale kwenye matope. Yule mama aligeuka akalivuta shuka kutoka kichwani mwa Leokadia, akamfunika nalo mtoto wa kaka yake. Bibi harusi akabaki amesimama mvuani, uso wazi, wapita njia wote wanamwona. Hakuna aliyekumbuka tena kwamba haonwi njiani.

Mimi nilisimama kando. Koti lilikuwa linaanza kulowa.

Jioni ile tulimrudisha kwao. Ta Rwegasira alikuwa ameketi kwenye kigoda. Hakupiga kelele. Alinitazama akauliza swali moja.

"Alikuambia nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Na mimi nilikuwa na jibu la kweli: Sikuona, Tata. Lakini watu walikuwa wamejaa uani, na nilikuwa kijana, na niliogopa. Nikasema, "Aliniita kwa mkono. Nikaja."

Mtu mmoja nyuma yangu akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Ni rubisi ile. Alikunywa asubuhi." Mwingine akaguna kukubali. Nikanyamaza. Ndivyo ilivyokuwa. Sikumsingizia kwa kinywa changu kwamba alilewa. Niliacha tu mlango wazi, watu wengine wakaingia na mzigo huo. Lakini mwenye mlango ni mimi. Hata wakubwa wa serikali walipokuja kuandika habari za ajali, niliwaambia yale yale, na niliongeza kwamba mvua ilikuwa kubwa mno nje. Nje, mwanangu. Ukungu wa siku ile ulikuwa wa ndani, pumzi zetu wenyewe, nami nikailaumu mvua ya nje na mkono wa marehemu.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kinapona.

Niliacha udereva. Nikarudi kulima. Leokadia alipelekwa kwa mumewe baadaye kimya kimya, bila nyimbo. Koti nilikuwa nalo. Nililikunja, nikaliweka juu ya dari ya nyumba ya mama, na kila moshi ulipopanda nilihisi linanitazama.

Ikapita miaka mitatu. Msimu mmoja wa kuchuma kahawa nikapita Bugomora kwa shughuli nyingine, nikafika karibu na kibanja cha Ta Rwegasira. Nikasimama. Kibanja kile nilikijua kama kiganja changu. Upande wa bondeni ulikuwa na migomba ya rubisi, mirefu, minene, watu walikuwa wakija kuomba machipukizi yake. Haukuwepo hata mmoja. Palikuwa na visiki vilivyooza na nyasi.

Nilimkuta mama mmoja jirani anapalilia, nikamuuliza kama ni ugonjwa wa migomba.

"Ugonjwa wa moyo," akasema. "Aliing'oa yote mwenyewe baada ya matanga. Alisema mkono wake ndio uliompa mtoto kibuyu. Tangu hapo hanywi, hakamui, wala haendi penye harusi."

Mwanangu, nimezika wengi. Nimemzika mke wangu, nimemzika baba yako, mdogo wangu. Hakuna kaburi lililonilemea kama visiki vile. Mzee wa watu alikuwa amebeba miaka mitatu kosa ambalo halikuwa lake, na aliyempa ni mimi, kwa maneno matatu: Aliniita kwa mkono. Nilikuwa nimewaua wawili, na huyu wa pili bado alikuwa anatembea.

Nilirudi nyumbani, nikalishusha koti, nikaenda tena Bugomora kesho yake. Ma Kokugonza alikuwepo, anamenya ndizi. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitika marahaba, akanipa punje za kahawa za kutafuna kama mgeni yeyote. Sikuzitia mdomoni. Nikapiga magoti, nikaweka koti mbele yake, nikasema yote. Dirisha, kioo, tundu la kama sahani, weupe wa kanzu, mkono. Nikasema, "Hakuniita, Tata. Sikuviona vidole vyake. Alikuwa ananizuia. Hakuwa amelewa. Rubisi yako haina kosa."

Ma Kokugonza aliweka kisu chini. "Mimi ndiye niliyesema funga," akasema. "Miaka mitatu nasubiri mmoja wetu aseme, na nilimwomba Mungu awe yeye. Nisamehe, kaka."

Ta Rwegasira alilitazama koti muda mrefu. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Lilikuwa kavu?"

"Lilikuwa kavu, Tata."

Nilingoja anifukuze. Nilingoja laana, maana nilikuwa nimevunja kiapo cha mwanawe. Akalichukua koti, akalikung'uta masizi, akanirudishia.

"Sina wa kulivaa," akasema. "Livae wewe. Mvua ikinyesha, toka nalo, lilowe. Likikauka, toka nalo tena. Nataka nikikuona njiani nilione limelowa."

Hakusema amenisamehe. Hakusema pia kwamba hajanisamehe. Mwaka uliofuata nilipita pale nikaona machipukizi matatu ya migomba ya rubisi bondeni, yamepandwa kwa mstari, na matandazo mapya chini yake. Mzee alikufa kabla migomba hiyo haijakomaa vizuri. Tulimzika mvuani, nami nilikuwa nimevaa lile koti.

Sasa, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na sina nyingine kubwa kuliko hii. Kioo kikikufanyia ukungu, usikisie. Simama kwanza, ujue ukungu uko upande gani, maana mtu anaweza kufuta maisha yake yote upande usio wake. Kama ni wa ndani, fungua, hata kama utalowa, hata kama mkubwa amesema funga. Mwambie kwa adabu: Shangazi, sioni. Hakuna heshima inayomtaka kijana aendeshe watu akiwa kipofu. Na ukiulizwa uliona nini, sema ulichokiona. Kama hukuona, sema hukuona. Neno hilo ni chungu mara moja tu. Usipolisema, mtu mwingine atalimeza kwa niaba yako, na huenda akang'oa migomba yake kwa ajili yako. Usingoje miaka mitatu kama mimi. Mimi nilibahatika kumkuta mzee angali hai.

Koti liko ndani ya sanduku langu. Limeliwa na nondo mabegani, lakini bado ni koti. Siku nitakapoondoka, lichukue. Usilitundike ukutani.

Mungu wa baba zetu akupe macho yanayoona na ulimi usioogopa. Akutangulizie darajani mtu wa kweli, nawe uvione vidole vyake. Ulowe na mvua, ukauke kwa jua, na ufike kwako na watu wako wote wakiwa wazima. Amina.